STESHENI SITA ZA KANEYAMA

(Na Mwalimu wa Jiografia)

Tangu muhula uliopita Mhariri wa gazeti letu amekuwa akinisumbua nimwandikie habari za Japani, nchi niliyokaa mwaka mmoja na nusu kwa masomo ya ualimu, tangu Oktoba 2022 hata Machi 2024. Wanafunzi wengi huniuliza habari za Tokyo, na za yale magari ya moshi yanayokwenda kasi sana. Hayo nimeyaona, tena nimeyapanda, lakini habari zake mnaweza kuzisoma katika vitabu vingi. Leo napenda kuwachukua mahali pengine, katika mji mdogo wa milimani uitwao Kaneyama. Huko gari la moshi huenda polepole, na katika sehemu moja ya mji hupita mara tatu tu kwa siku kila upande. Nina sababu yangu ya kuuchagua mji huo, nayo mtaiona mbele.

Kaneyama uko upande wa magharibi wa mkoa wa Fukushima. Jina la Fukushima nadhani mmelisikia kwa ajili ya tetemeko la ardhi la Machi 2011, na mawimbi ya bahari, na ajali ya mtambo wa nyuklia. Mambo hayo yalitokea pwani, na Kaneyama ni zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani ile. Mji huu ulipata msiba wake wenyewe miezi minne baadaye.

Msidhani kwamba mji maana yake ni maduka na barabara za lami zilizojipanga. Kwa Wajapani mji waweza kuwa bonde zima na vijiji vyake. Kaneyama una karibu kilomita za mraba 294, na sehemu kubwa ni milima yenye misitu. Watu wake hawafiki 2,000, na zaidi ya nusu yao wametimiza miaka 65 au wameipita. Katikati hupita mto Tadami, na reli huufuata mto huo, mara kulia mara kushoto, ikiuvuka kwa madaraja. Njia nzima huitwa Njia ya Tadami. Yatoka Aizu-Wakamatsu mpaka Koide, kilomita 135.2, na stesheni zake sita zimo ndani ya Kaneyama: Aizu-Mizunuma, Aizu-Nakagawa, Aizu-Kawaguchi, Honna, Aizu-Yokota na Aizu-Oshio. Aizu ni jina la kale la sehemu zile, nalo huwekwa mbele ili stesheni zisichanganywe na nyingine zenye majina yayo hayo katika nchi.

Mara ya kwanza nilikwenda huko mwanzo wa Novemba 2022. Nilikuwa sijatimiza miezi miwili katika nchi, na Kijapani changu kilikuwa cha kuomba maji na kuuliza njia. Alinichukua mwenzangu mmoja wa chuoni, mwalimu wa hesabu, ambaye bibi yake anakaa karibu na stesheni ya Aizu-Yokota. Tuliondoka Aizu-Wakamatsu saa kumi na mbili na dakika chache za asubuhi. Gari lenyewe lilikuwa la mabehewa mawili, laendeshwa kwa dizeli. Nilishangaa kuona limejaa hata watu wamesimama. Wengi walikuwa wageni kutoka mijini, wamebeba kamera, maana wakati ule majani ya miti hugeuka mekundu na manjano kabla ya kuanguka, na Wajapani huyapenda sana.

Bonde lilipoanza kuwa jembamba, nikaona jambo ambalo sikulitazamia. Mzee mmoja alikuwa shambani; alipolisikia gari aliweka jembe chini, akatupungia mkono. Mbele kidogo mama na mtoto walisimama mlangoni mwao, nao wakapunga mkono. Nikamwuliza mwenzangu, "Wanamwaga nani?" Akacheka, akasema, "Hawamwagi mtu. Wanalisalimu gari. Watu wa njia hii hufanya hivyo." Basi nami nikaanza kupunga mkono dirishani kama mtoto.

Baada ya saa mbili hivi tulifika Aizu-Kawaguchi, stesheni iliyo kubwa kupita zote za Kaneyama, ukingoni kabisa mwa mto. Hapo magari yaweza kupishana. Stesheni nyingine za mji ni jukwaa moja na kibanda cha kungojea, pasipo mfanyakazi hata mmoja. Tukaendelea mpaka Yokota, na bibi alikuwa amesimama jukwaani akitungoja, mgongo umepinda, kavaa buti za mpira. Wajapani humwita mwanamke mzee *obaasan*, yaani Bibi, hata kama si bibi yako; basi nami nilimwita hivyo. Yeye alipoambiwa kwamba mimi ni mwalimu aliniita *sensei*, na hakuacha kuniita hivyo mpaka siku niliyoondoka. Neno hilo ni sawasawa na sisi tusemavyo Mwalimu, na hubandikwa kwa heshima ile ile.

Siku ile alitupikia supu ya boga la Kaneyama. Ni boga la namna ya peke yake, ganda lake jekundu, nalo limeandikishwa na serikali ili mtu wa mahali pengine asiuze la kwake kwa jina hilo. Alasiri tulikwenda Oshio, ambako maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa na gesi. Unayachota kisimani na kuyanywa, yanachoma ulimi kama soda, ila hayana sukari. Niliyanywa mpaka mwenzangu akanionya habari za tumbo.

Usiku tuliketi kuota moto, na Bibi akatueleza habari za reli, mjukuu wake akinifasiria. Alizaliwa mwaka 1938. Reli ilipofika Kawaguchi mwaka 1956 alikuwa msichana wa miaka 18, akaenda kwa miguu pamoja na wenzake kuitazama. Wakati ule Japani ilikuwa ikijenga mabwawa makubwa katika mto Tadami ili kupata umeme wa viwanda na miji. Bwawa kubwa la Tagokura, juu kidogo ya Kaneyama, lilihitaji saruji na vyuma vingi mno. Kwa hiyo reli ya kutoka Kawaguchi kwenda mbele ilijengwa kwanza kwa ajili ya kuchukua mizigo ya bwawa, na mwaka 1963 ndipo ilipoingizwa katika reli ya taifa na kuwachukua abiria wa kawaida. Njia nzima ilikamilika mwaka 1971, baada ya kutobolewa mlima kwa tundu la kilomita 6 na zaidi.

"Siku zile," alisema Bibi, "watu walikuwa wengi mara kadhaa kuliko sasa. Mabwawa yalipokwisha, wajenzi wakaondoka. Kisha watoto wetu nao wakaondoka kwa gari lile lile."

Nilimtazama mjukuu wake, naye akainamisha macho. Maana naye ni mmoja wa hao.

Ule msiba niliotaja ulikuja mwishoni mwa Julai 2011. Mvua kubwa ilinyesha mfululizo, mto ukajaa, na madaraja matatu ya reli yakachukuliwa na maji, moja kipande na mengine mawili kabisa. Mojawapo lilikuwa chini tu ya bwawa la Honna. Reli ikakatika kati ya Kawaguchi na Tadami, kilomita 27.6. Stesheni za Honna, Yokota na Oshio zikabaki pasipo gari. Badala yake likawekwa basi.

Hapa ndipo mwenzangu wa hesabu alipotoa kalamu. Ndugu wasomaji, nataka nanyi mfikiri pamoja nasi, kwa maana swali hili si jepesi. Mwaka 2010, kabla ya mafuriko, sehemu ile ya reli ilichukua kwa wastani watu 49 tu kwa siku. Kampuni yenye reli ilisema basi latosha. Mkoa na miji ya bonde ikasema hapana, sisi twataka reli yetu. Walibishana miaka mingi. Mwisho, mwaka 2017, walikubaliana hivi: reli, madaraja na stesheni za sehemu ile viwe mali ya mkoa, nao mkoa pamoja na miji watoe gharama za kuvitunza, kampuni iendeshe magari tu. Matengenezo yalikula kiasi cha yen bilioni 9, na mzigo ukagawanywa mafungu matatu kati ya kampuni, serikali kuu, na mkoa pamoja na miji. Tarehe 1 Oktoba 2022, baada ya miaka 11 na miezi miwili, gari lilipita tena.

"Yen bilioni 9," alisema mwenzangu, "kwa watu 49! Gawanyeni wenyewe. Kwa fedha hizo kila nyumba ingepewa motokaa, na fedha zingebaki za kumwajiri daktari. Tena kila mwaka mkoa utalipa. Mimi nalipenda gari hili, lakini hesabu ni hesabu."

Sikuweza kumjibu. Nami nilikuwa upande wake. Mwalimu wa Jiografia hufundisha kwamba reli hujengwa mahali penye mizigo na watu, na visipokuwapo, reli hufa. Ndivyo nilivyowafundisha hata baadhi yenu.

Bibi alikuwa akisikiliza. Hakubishana habari za fedha. Alisema kwamba katika miaka ile 11, yeye na majirani zake wawili walikuwa wakienda kung'oa majani katika jukwaa la Yokota, tangu theluji iyeyukapo hata ianguke tena. Hakuna aliyewatuma. Majirani wote wawili walifariki kabla gari halijarudi. "Nilikwenda peke yangu miaka miwili ya mwisho," alisema. Mjukuu wake akauliza, nami nadhani hakuwa amepata kuuliza kabla ya siku ile, "Bibi, kwa nini?" Akajibu, "Mtu akija kutazama kama stesheni inahitajiwa, akute majani marefu, atajibiwa na majani."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yalinifunga kinywa, nami ni lazima niwaeleze sababu, ijapokuwa ni jambo la nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli katika stesheni moja ndogo, katika njia iendayo Moshi. Kazi yake ilikuwa kubadili njia za reli na kutunza taa za ishara. Nilipokuwa darasa la nne, katika miaka ya tisini, magari ya abiria yaliacha kupita. Baadaye hata ya mizigo yakawa ya kuhesabika kwa mwaka, kisha kimya. Baba alikwisha kustaafu, lakini kila asubuhi alichukua ufagio akaenda kufagia jukwaa. Watoto wenzangu walinicheka. Waliniuliza, "Baba yako anamngoja nani?" Niliona haya, hata nikaanza kupita njia ya nyuma niendapo shule, nisipite mbele ya stesheni nikamwona.

Nilipokuwa mwalimu, mwaka 2009, nilikwenda nyumbani nikamwambia aache. Nilimwambia kwa maneno makali, mbele ya wageni, kwamba anatuaibisha. Hakunijibu. Aliweka ufagio nyuma ya mlango, na kwa muda wote niliokaa pale hakuugusa. Mama aliniambia baadaye kwamba nilipoondoka tu aliuchukua tena. Alifariki mwaka 2014. Desemba 2019 gari la abiria lilianza tena kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nasahihisha madaftari, nikaendelea kusahihisha.

Basi usiku ule, katika nyumba ya Bibi wa Yokota, nilikumbuka ule ufagio nyuma ya mlango. Sikusema kitu. Nilijitia kuwa moshi unaniumiza macho.

Nilirudi Kaneyama mara ya pili katika Februari 2023, siku ya kazi, peke yangu. Nilitaka kuiona njia ile wakati hakuna majani mekundu. Theluji ilikuwa imelala kandokando ya reli kama kuta, mahali pengine kupita kimo cha mtu, na mto chini ulikuwa mweusi. Kamera zilikuwa chache. Walikuwamo wanafunzi wa sekondari ya Kawaguchi, wengine wamelala usingizi, wengine wanadurusu kwa ajili ya mtihani, kama ninyi mfanyavyo ndani ya daladala. Wakateremka wote Kawaguchi. Kutoka hapo kwenda mbele nilihesabu abiria, tukawa wanne: mimi, mama mmoja aliyetoka hospitali na kifurushi cha dawa, mzee mmoja, na kijana mwenye kamera. Nikajisemea, rafiki yangu wa hesabu angekuwapo angecheka.

Lakini nilipofika Yokota niliona njia nyembamba imefukuliwa katika theluji kutoka barabarani mpaka jukwaani, upana wa koleo moja. Bibi alikuwa amesimama mwisho wake. Nilimwuliza kwa Kijapani changu kibovu kama ameichimba mwenyewe. Akasema alianza, kisha kijana wa jirani akamwona akaja kumsaidia. Yule mama wa dawa aliteremka pamoja nami. Akamwinamia Bibi kwa shukrani, akapita njia ile ile. Gari lilipoondoka, Bibi akalipungia mkono, na dereva akajibu kwa honi.

Je, ni nani aliye na haki, Bibi au mwalimu wa hesabu? Nimefikiri sana, nami siwadanganyi: kila mmoja anayo sehemu yake. Fedha za watu wote hazina budi kuhesabiwa, na si kila reli iliyokufa yafaa kufufuliwa. Hata sasa hakuna anayejua kama Kaneyama utapata vijana wa kutosha kuzitumia stesheni zake sita. Gari kurudi si kusema kwamba watoto wamerudi. Lakini nilikuwa nimekosea katika jambo moja. Nilidhani wale watu 49 ndio hesabu yote. Sikuwahesabu wale waliokuwa wakipunga mkono mashambani. Sikumhesabu mama yule ambaye, siku theluji ikifunga barabara, hana njia nyingine ya kuifikia hospitali. Wala sikuhesabu kwamba watu wa bonde walikubali kulipa mfukoni mwao kila mwaka, nao si matajiri. Mtu anayekubali kulipa amekwisha kupiga hesabu yake, na yafaa kumwuliza ameipigaje kabla ya kumcheka.

Niliporudi nchini, Aprili 2024, nilikwenda kwanza nyumbani kumsalimu Mama. Kesho yake nilitembea mpaka ile stesheni ya Baba. Gari la abiria linapita sasa, lakini halisimami pale. Hupiga honi tu likaenda zake. Jukwaa lilikuwa limefunikwa na majani mpaka magotini, na mlango wa chumba cha taa umeng'olewa. Nilirudi nyumbani kuazima panga, nikafyeka upande mmoja mpaka jua lilipokuwa kali. Watoto wawili walikaa juu ya reli wakinitazama. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unamngoja nani?" Nikamwambia, "Lete ufagio, mwanangu, nikueleze."

Nilimweleza yale niliyoyajua, nikaona ni machache mno. Sikujua stesheni ile ilifunguliwa mwaka gani, wala ilichukua mizigo gani, wala akina nani walifanya kazi pamoja na Baba. Yeye aliyajua yote, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, Chama chetu cha Jiografia kitakuwa na kazi katika likizo ijayo. Kila mwanachama atakwenda katika stesheni, au gati, au gulio la zamani lililo karibu na kwao. Atamtafuta mzee aliyefanya kazi pale, na kuandika yale atakayoambiwa: kilichopita pale, aliyepita, na siku ilipoacha. Wazazi wanaosoma gazeti hili tafadhali watusaidie. Atakayependa kujiunga aniletee jina lake kabla ya mwisho wa muhula. Daftari zitatolewa, na ufagio mtu aje na wake.